Shajara ya mradi: wiki 12 za kupokezana

Wiki ya 1

Tumeanza leo. Vijana watano, chumba chenye sakafu ya mbao, kinanda, ngoma moja kubwa ya kusimama, marimba, upatu uliotundikwa kwenye fremu, kayamba kadhaa na gita. Watu wazima tuko watatu: mimi niliyesomea tiba ya muziki, mwenzangu wa tiba ya usemi, na mkalimani wa lugha ya alama. Tutakutana mara moja kwa wiki, dakika 45 kila kikao. Vijana wenyewe pamoja na wazazi wao wameridhia tuchukue video, mradi tuitazame sisi tu.

Majina yao siyaandiki. Nitawaita kwa vyombo walivyojichagulia leo. Kayamba ana miaka 16 na ana usonji. Hurudia maneno anayoyasikia, na sauti za ghafla zinamuumiza. Upatu ni msichana wa miaka 17 mwenye mtindio wa ubongo. Anatumia kiti cha magurudumu, haongei kwa kinywa, na kiungo anachokimudu zaidi ni mkono wa kulia. Marimba ana miaka 14, ana sindromu ya Down. Anaongea, ila polepole, na tangu mlangoni nimeona kila mtu anammalizia sentensi. Ngoma ana miaka 19, ni kiziwi, na lugha ya alama ni lugha yake tangu utotoni. Gita ni msichana wa miaka 15 mwenye ulemavu wa akili. Alikaa akiutazama ukuta kikao kizima.

Wanajuana kwa sura. Kwa zaidi ya mwaka wamekuwa wakipishana kwenye ukumbi, kila mmoja akija kwa tiba yake. Lakini nilipowauliza wazazi kama watoto wao wamewahi kusemezana, walinitazama kana kwamba nimeuliza kitu kigeni. Kila kijana ana mtu mzima wake anayemwelewa, na maneno yake yote yanapitia hapo. Kwa hiyo juu ya ukurasa wa kwanza wa faili nimeandika lengo moja tu: wasemezane wao kwa wao.

Nimeulizwa mara mbili leo kama kutakuwa na onyesho mwishoni. Halipo. Hili si darasa la muziki, na hakuna atakayepimwa kwa kupiga vizuri. Tumeng'oa vibao vya fa na ti kwenye marimba, zikabaki noti tano: do, re, mi, so, la. Hizo ukizigonga kwa mpangilio wowote hazigombani. Marimba aligonga kibao cha kwanza, akanitazama usoni kuona kama amekosea. Akagonga cha pili, akanitazama tena. Kufikia cha saba alikuwa ameshanisahau.

Wiki ya 2

Wimbo wa salamu ni mfupi. Mimi natia jina la kijana, wengine wanapokea kwa "karibu". Nimeutunga kwa makusudi usitue: sauti inapanda, inabaki inaning'inia, na neno la mwisho ndilo linaloishusha. Sikio lililozoea nyimbo za namna hii haliwezi kuvumilia pengo hilo, linataka lifungwe. Hapo ndipo kijana anapopata nafasi ya kuingia, kwa sauti, kwa pigo, hata kwa kichwa.

Kayamba alilishika neno "karibu" akalirudia zaidi ya mara ishirini, haraka haraka, sauti ikipanda mwishoni kama swali. Watu wengi wakisikia hivyo humnyamazisha. Mimi niliichukua "karibu" yake jinsi ilivyo, kwa mwendo wake na mpando wake, nikaipiga kwenye kinanda. Akanyamaza. Akasema tena, mara moja tu. Nikaipiga. Akatikisa kayamba mara mbili, akasubiri. Nikampa mbili. Tuliendelea hivyo dakika nne nzima kwa saa ya video.

Njia hii si yangu. Mwaka 1959 Paul Nordoff, mtunzi na mpiga piano Mmarekani, na Clive Robbins, mwalimu Mwingereza wa watoto wenye ulemavu, walianza kufanya kazi pamoja huko Uingereza, na msingi wao ulikuwa kwamba mtibabu ajenge muziki juu ya kile anacholeta mtoto: kilio chake, mwendo wake, hata ukaidi wake. Nimeisoma kanuni hiyo miaka mingi, na bado ikitokea mbele yangu nasisimka.

Wiki ya 3

Mgeni mmoja aliuliza, Ngoma akiwa palepale, kiziwi anafanya nini kwenye muziki. Mkalimani akamfasiria Ngoma swali lile. Ngoma akajibu kwa mikono: "Mwambie aweke kiganja hapa," akaonyesha ngozi ya ngoma, kisha akapiga. Mgeni akaweka kiganja, na swali lake likaishia hapo.

Sakafu ya mbao ndiyo sababu tulikitaka chumba hiki. Mdundo unapita kwenye mbao, unapanda miguuni hadi kifuani, na Ngoma huvua viatu kabla hata hajakaa. Evelyn Glennie, mpiga ala za kugonga kutoka Uskoti aliyekuwa kiziwi kwa kiwango kikubwa kufikia umri wa miaka 12, naye hupiga pekupeku kwa sababu hiyohiyo.

Niseme wazi: Ngoma hakuja kutibiwa uziwi. Ana lugha kamili. Anachokosa ni watu wa rika lake wanaoijua.

Wiki ya 4

Leo kikao kimevunjika. Naandika kabla sijalala.

Upatu hawezi kufunga kiganja, kwa hiyo tuliizungushia fimbo kitambaa kinene tukamfungia mkononi kwa mkanda laini. Tangu wiki ya kwanza amekuwa akigusa tu. Mkono wake ukiondoka unaondoka na bega, na shingo, na pumzi; pigo moja kwake ni kazi ya mwili mzima. Leo nilimchochea. Nilipandisha kinanda hatua kwa hatua, nikaacha pengo, na yeye akalijaza: akainua mkono, akautupa, upatu ukalia mpaka madirisha yakaitikia. Akacheka. Mama yake alikuwa nje ya mlango. Aliniambia baadaye kwamba kicheko kile hajakisikia siku nyingi.

Sekunde ileile Kayamba alikuwa sakafuni, viganja masikioni, analia. Kisha akatoka mbio, mwenzangu nyuma yake. Kicheko cha Upatu kikakatika. Alielewa mara moja kilichotokea, machozi yakamlengalenga.

Kosa ni langu. Fomu ya Kayamba imeandika bayana kuhusu sauti za ghafla, na ni mimi niliyelijenga lile pigo. Nimemwomba radhi yeye na mama yake. Nimemwomba radhi Upatu pia, maana nilimpa furaha kisha nikaiacha imgeuke.

Wazo la kwanza lililotujia lilikuwa kuuzima upatu kwa kitambaa. Tulilikataa. Msichana huyu ana sauti kubwa moja tu duniani, na sisi tuwe ndio wa kuifunga? Mwenzangu akauliza swali bora: kinachomuumiza Kayamba ni ukubwa wa sauti, au ni kutojua inakuja lini? Mama yake akajibu papo hapo: "Mwalimu, blenda ikiwashwa na mtu mwingine anapiga kelele. Akiiwasha mwenyewe anaimba nayo."

Ngoma alikuwa bado hajaondoka. Alifuatilia mazungumzo yote kupitia mkalimani, kisha akasimama na kuinua mkono juu kabisa, kiganja wazi, akaushusha taratibu. Akaashiria: mkono ukiwa juu, jiandae; ukishuka, upatu. Yeye ndiye atakayeinua.

Wiki ya 5

Fimbo imebadilishwa, sasa ina kichwa cha sufi. Kayamba amekaa karibu na mlango, na mlango uko wazi, ajue anaweza kutoka.

Ngoma akainua mkono. Upatu akamkazia macho. Kayamba akautazama mkono, akaziba masikio. Mkono ukashuka, upatu ukalia. Hakukimbia. Tukarudia. Mara ya nne aliziba sikio moja tu. Mara ya sita, mkono ukiwa bado juu, Kayamba akasema "sasa". Ngoma hasikii, lakini aliuona mdomo, akaushusha mkono. Upatu akapiga.

Nilikuwa nimeketi kwenye kinanda bila kugusa chochote. Kayamba aliamua, Ngoma akafikisha, Upatu akatenda. Kwenye faili nimeandika saa, dakika na maneno haya: mara ya kwanza bila mtu mzima katikati.

Marimba hakuwepo, ana kikohozi. Gita alikuwa na ukuta wake.

Wiki ya 6

Nusu ya safari. Baba yake Gita alinisubiri nje. "Mwalimu, niambie ukweli. Huu muziki utamfanya mwanangu aongee?"

Nilimwambia siwezi kumuahidi hivyo. Tiba ya muziki ina watu wanaoisifu kupita kiasi, na wazazi waliochoka ndio wanaolipia sifa hizo. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 9, wenye watoto 364 wenye usonji, wa miaka 4 hadi 7. Baada ya miezi mitano, waliopata tiba ya muziki pamoja na huduma za kawaida hawakuwa na tofauti ya maana na wenzao katika kipimo cha dalili za kijamii. Mapitio ya mwaka 2022 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua kwa pamoja tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 26 zenye washiriki 1,165, yalikuja na picha yenye matumaini zaidi: huenda tiba hii inaongeza uwezekano wa mtu kuonekana amepiga hatua kwa ujumla, na inaboresha kidogo maisha yake. Lakini katika mawasiliano yenyewe, mara tu tiba ilipokwisha, ushahidi haukuwa wazi.

"Sasa kwa nini unaendelea?" akaniuliza. Swali la haki.

Nilimweleza ninavyoona mimi. Vipimo vingi humpima kijana peke yake: ametamka maneno mangapi, ametazama macho mara ngapi. Ninachokifanya mimi ni kutengeneza mahali ambapo sauti yoyote anayoitoa inapokelewa na mtu, kwa wakati, na yeye anajua imepokelewa. Hata kabla ya maneno, mama na mtoto mchanga hupokezana sauti kwa zamu na kwa mdundo. Watafiti Stephen Malloch na Colwyn Trevarthen wameandika mengi kuhusu muziki huo wa mwanzo. Kijana ambaye kwa miaka mingi ametoa sauti zisizojibiwa huacha kuzitoa, na hapo watu husema hana la kusema.

Baba alikaa kimya, kisha akasema Gita alipokuwa mdogo alikuwa akivuma, "mmm, mmm", usiku kucha, nao walimzoesha kuacha. Sikuwa na la kumjibu. Nimeliandika.

Wiki ya 7

Hakuna kikao, chumba kimechukuliwa. Tumetumia saa tatu kutazama video.

Nimejiona na nimefadhaika. Kila Marimba anapopewa zamu, mimi naacha nafasi, nahesabu moyoni, halafu naingia na kinanda "kumsaidia". Mwenzangu alichukua saa ya mkononi. Wastani wa kusubiri kwangu: sekunde 3. Kisha tukatafuta mara mbili pekee ambazo nilichelewa kwa bahati, nikigeuza karatasi. Mara zote mbili Marimba aliingia mwenyewe, moja kwa sekunde 8, nyingine kwa 11.

Ina maana kwamba wiki zote hizi amekuwa njiani kuja na mimi namfungia mlango. Nilikuwa nikiwashangaa watu wanaommalizia sentensi, kumbe mimi nammalizia kwa vidole.

Tumekubaliana: zamu ya mtu ni ya mtu. Mikono yangu itakaa mapajani mpaka aingie, au aashirie kwamba anapita. Mwenzangu amependekeza tuhesabu hadi 15. Mimi nikasema tusihesabu kabisa, tuzitazame pumzi zake.

Wiki ya 8

Kusubiri ni kazi ngumu kuliko kupiga. Sekunde 10 za kimya mbele ya watu wanane ni ndefu. Mtu anakohoa, mtu anatabasamu bila sababu. Nilimtazama Marimba mabegani. Kabla hajagonga, mabega yanapanda kidogo, kinywa kinafunguka, kisha anashusha pumzi. Ishara hizo zote zilikuwepo siku zote, tena wazi kama mkono wa Ngoma.

Aligonga mi. Akapumzika. So. Akapumzika. La, la, mi. Kisha akaweka fimbo chini, akatugeukia wote na kusema, kwa pumzi nne: "Nataka... kumaliza... mimi... mwenyewe."

Msaidizi aliyemleta alikuwa ameshafungua mdomo baada ya "kumaliza". Ngoma alimwinulia kiganja.

Wiki ya 9

Habari za vitufe. Upatu ana vitufe viwili vikubwa vya kurekodi sauti kwenye meza ya kiti chake. Anavibonyeza kwa kiwiko. Tangu mwanzo vilikuwa na maneno mawili: "Tena" na "Asante". Leo, katikati ya wimbo, alibonyeza "Tena", "Asante", "Tena", "Asante", kwa hasira, huku akitazama pembeni. Nilikuwa na haraka ya kuamini kwamba anacheza na mdundo. Mwenzangu akasimamisha kikao, akachukua bao la herufi ambalo Upatu huonyesha kwa macho. Ilichukua dakika sita: H, A, P, A. Hapana.

Tulimpa maneno ya kukubali tu. Msichana wa miaka 17, mwenye akili kali, hakuwa na njia ya kusema hapana ndani ya chumba kilichojengwa kwa ajili ya mawasiliano. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unahesabu njia mbadala na saidizi, kama hizi za Upatu, kuwa mawasiliano, katika kifungu chake cha 2. Ninaunga mkono kila neno. Lakini kifaa kina maneno yale tu tuliyoyaweka, na aliyeyaweka ni mimi, kwa kuwa yalinifurahisha mimi.

Tena sauti iliyorekodiwa ilikuwa yangu. Amekuwa akizungumza kwa sauti ya mwanamume mzima.

Tumeongeza kitufe cha tatu. Maneno amechagua mwenyewe kwa macho, herufi moja moja: "Hapana", "Tena", "Subiri". Binamu yake wa rika lake atakuja kuyarekodi.

Wiki ya 10

Gita. Nyuzi za gita lake tumezipatanisha ili zikipigwa bila kubonyezwa zikubaliane zenyewe. Kidole kimoja kinatosha. Hupiga uzi mmoja, huweka sikio kwenye mbao, husubiri sauti iishe kabisa, kisha hupiga tena. Leo nilianza kuvuma "mmm" chini chini kwa noti ileile ya uzi wake. Hakugeuka. Ila muda kati ya pigo na pigo ulifupika, ukawa sawa na pumzi yangu. Sina hakika. Nimeitazama video mara tatu na bado sina hakika, na sitaandika zaidi ya nilichokiona.

Kayamba alisema "karibu" kwa Upatu alipoingia mlangoni, kabla wimbo haujaanza.

Wiki ya 11

Kikao kizuri, cha kawaida. Marimba amejifunza alama tatu kutoka kwa Ngoma: simama, endelea, taratibu. Sasa anaongoza naye kwa zamu, na Kayamba anawafuata wote wawili bila kutazama kwangu. Mkalimani ameniambia kwamba alikaa karibu dakika kumi bila kuitwa na mtu.

Gita amegeuza kiti. Hakutugeukia sisi, bado. Anatazama mlango, ubavu wake ukiwa upande wetu.

Wiki ya 12

Kikao cha mwisho cha awamu hii. Vijana waliutaka wimbo wao, ule unaoanza na mkono wa Ngoma na kupita kwa kila mmoja. Nilipewa kazi ya kushika noti moja ya chini kwenye kinanda, basi.

Mkono ukapanda. "Sasa," akasema Kayamba. Upatu ukalia. Kayamba akatikisa mara mbili. Zamu ikamfikia Marimba.

Kimya. Mabega yake hayakupanda. Sekunde zikaenda, nadhani zilipita kumi na tano. Leo wazazi wote walikuwepo, wamekaa kando ya ukuta, na nilihisi macho yao. Baada ya yote niliyoyaandika humu, mkono wangu wa kulia uliondoka pajani wenyewe, ukaenda kwenye vibao.

"Subiri."

Ilikuwa sauti ya msichana, kavu, kutoka kwenye meza ya kiti cha magurudumu. Upatu alikuwa ananitazama moja kwa moja, kiwiko bado kiko juu ya kitufe. Nilirudisha mkono. Ngoma alisoma nyuso zetu, akaelewa, akainua kiganja kuelekea kwangu kwa nyongeza. Mama mmoja akacheka taratibu.

Marimba akapumua. Mi. So. Mi. Akaweka fimbo chini, akamtazama Upatu, akainamisha kichwa. Kisha kutoka pembeni uzi mmoja wa gita ukalia, nao wote watano wakauacha mpaka ukaisha.

Wazazi wameomba wiki 12 nyingine na tumekubali. Kuna mambo ya kutengeneza kabla: mkanda wa fimbo umechakaa, na tunahitaji bao la herufi lililo kubwa ili na wenzake waweze kulisoma. Upatu pia ameomba kitufe cha nne. Nilipomuuliza kwa bao ni neno gani nirekodi, alibonyeza "Hapana", akageuza macho kwa Ngoma. Neno hilo anataka kumwambia yeye.